Usisubiri programu kamili: kazi moja, wiki mbili, wateja kumi



Leo naongelea swali ambalo halikosekani inbox kila wiki: "Dada, nataka kutengeneza programu ya duka langu, nianzie wapi?" Wengine mmeshatajiwa na bei. Yupo aliyeambiwa milioni 2, yupo aliyeambiwa milioni 4, na ndani yake ameahidiwa kila kitu: picha za bidhaa, kikapu cha manunuzi, malipo, pointi za mteja, ramani ya kumfuatilia bodaboda, na lugha mbili juu.

Msimamo wangu nausema mapema ili mwenye haraka asome hapa aendelee na kazi. Mfumo wako wa kwanza ufanye kazi MOJA, uwe mikononi mwa wateja ndani ya wiki mbili, na uanze na wateja kumi. Vingine vyote visubiri. Bado hujui wateja wako watautumiaje, na fundi wako naye hajui. Wateja wenyewe ndio watakaokuonyesha, na hawawezi kukuonyesha kitu ambacho bado hakijawafikia.

HUKU KWETU HELA INA MSIMU

Kuna sababu ya kusisitiza haraka, hasa kwa sisi wa nyanda hizi. Juni na Julai baridi ya Njombe inamlazimisha mtu anunue sweta hata kama hakupanga. Mkulima wa parachichi au viazi akishauza mavuno ndipo ananunua simu, kitanda na viatu vya watoto. Makambako ndiyo kabisa: barabara ya Dar kwenda Mbeya inakutana na ile ya Njombe na Songea, reli ya TAZARA inapita hapo hapo, mizigo inaingia na kutoka usiku na mchana. Ukiwa tayari wakati hela ipo mtaani, unauza. Ukichelewa, unabaki unapost picha na watu wana-like tu.

Dada mmoja wa Njombe mjini anauza mablanketi na mashuka. Mwezi wa 2 alitoa nusu ya malipo ili programu yake iwe tayari kabla ya baridi. Baridi ikaja, ikapita. Mwezi wa 9 akaonyeshwa kurasa nzuri zenye rangi, na kikapu kinafanya kazi vizuri kabisa. Ile hela ilikuwa ya kuongeza mzigo wa mablanketi. Mablanketi ambayo hakuwa nayo Julai hakuna mteja aliyemngojea, watu walinunua kwingine.

Yule fundi hakumtapeli. Alitengeneza kila alichoombwa, na aliombwa vitu kumi na tano. Nataka hilo mlione vizuri, kwa sababu tumezoea kusema "mafundi wasumbufu" wakati orodha tuliyompa ndiyo iliyokula msimu.

M-PESA ILIZINDULIWA IKIWA NDOGO KULIKO ILIVYOJARIBIWA

Wote tunatumia pesa za simu, ila si wengi wanaojua M-Pesa ilianzaje. Wazo la kwanza halikuwa kumtumia mama hela kijijini. Kule Kenya, Vodafone na Safaricom, wakisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, walitaka mtu aliyekopa kwenye taasisi ya mikopo midogo aweze kupokea mkopo na kulipa rejesho kwa simu. Walioongoza kazi upande wa Vodafone ni Nick Hughes na Susie Lonie. Oktoba 2005 wakaanza majaribio pamoja na taasisi ya Faulu Kenya. Mawakala walikuwa 8 na wateja kama 500. Kampuni kubwa namna ile, yenye wateja nchi nzima, ilianza na watu wanaoenea kwenye ukumbi mmoja wa harusi.

Kilichotokea ndicho kinachotuhusu. Kuunganisha mfumo na taratibu za mikopo kukawa kugumu. Wakati huohuo wateja wakaanza mambo yao ambayo hakuna aliyewafundisha. Huyu anamtumia ndugu hela. Yule anamlipia mwenzake rejesho. Mfanyabiashara anaweka mauzo ya siku kwenye simu ili asilale na fedha taslimu ndani, au anaweka hela mji mmoja akaitoe mji mwingine asisafiri nayo mfukoni.

Basi tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ilipozinduliwa kwa Wakenya wote, ule mkopo uliokuwa wazo lenyewe haukuwemo. Kilichobaki kinahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja: weka pesa, tuma, toa, nunua muda wa maongezi. Tangazo nalo likashika jambo moja, kutuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kuisha wateja walikuwa wamepita milioni 1. Aprili 2008 Vodacom wakaileta Tanzania.

Na mkopo ulienda wapi? Ulirudi. Novemba 2012 Kenya wakapata M-Shwari, na 2014 hapa kwetu ikaja M-Pawa, akiba na mkopo humo humo kwenye simu. Miaka mitano na zaidi ilipita kwanza, mpaka watu walipoizoea na kuiamini simu yenye hela. Kwa hiyo ukikata kitu kwenye orodha yako leo hujakitupa. Umekiweka stoo kisubiri siku yake.

Najua mtu atasema, "M-Pesa walikuwa na miaka miwili na hela ya Wazungu." Ni kweli. Basi chukua Ushahidi, ya hapo hapo Kenya, Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zikiwa zimepamba moto. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa anaandika blogu, alitoa wazo la ramani ya kuonyesha matukio yanapotokea. Wataalamu wa kompyuta waliojitolea, David Kobia na Erik Hersman wakiwemo, wakashirikiana naye, na ndani ya siku chache ikawa hewani. Ilifanya kazi moja: mtu anatoa taarifa ya kilichotokea na mahali kilipotokea, inaonekana kwenye ramani. Mwaka 2010 mfumo huohuo ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Wangekaa kupanga vitu vyote unavyoweza kuweka kwenye ramani, vurugu zingeisha wao bado wanachagua rangi.

KAZI MOJA UNAIPATAJE?

Hapa ndipo wengi tunakwama, maana kila kitu kinaonekana cha muhimu. Mimi natumia njia ya kauntabuku. Fungua ukurasa, kwa siku tatu andika kila swali ambalo mteja amekuuliza WhatsApp, Instagram na kwa kupiga simu. Usichague. Swali likijirudia, weka mstari pembeni yake. Siku ya tatu jioni hesabu mistari.

Mimi nauza masweta, makoti na viatu hapa Makambako, na mzigo mwingi natuma kwa basi kwenda Njombe, Ludewa, Makete na vijiji vya njiani. Kabla ya kuhesabu ningeapa kwamba swali kubwa ni bei. Kumbe bei ilikuwa ya pili. Lililoongoza kwa mbali ni hili: "Mzigo wangu umeshatoka? Upo basi gani?" Watu walikuwa wameshalipa, roho juu. Na mimi nikiwa stoo nafungua belo, simu inaita, siwezi kushika. Mteja anaanza kuwaza ameibiwa.

Sasa hapo kikapu cha manunuzi kingenisaidia nini? Nisingekuwa nimegusa kidonda. Kazi moja ya mfumo wangu ikajiandika yenyewe: mteja aliyelipa ajue mzigo wake umefikia wapi bila kunipigia.

Kwako inaweza kuwa tofauti kabisa. Anayeuza keki swali lake linaweza kuwa "Jumamosi una nafasi?" Anayeuza parachichi kwa jumla anaweza kuwa anaulizwa "leo una kilo ngapi?" Anayeuza vipodozi anaulizwa "hii ya ngozi ya mafuta ipo?" Hizo ni kazi tatu tofauti, na programu moja ya duka uliyoiona kwa mwenzako Dar haitazijibu zote.

Ukishaipata, iandike sentensi moja kwa mtindo huu: "Mteja wangu fulani ataweza kufanya hiki bila hiki." Ikigoma kukaa kwenye sentensi moja, umebeba kazi mbili. Ipunguze.

Halafu chukua ile orodha yako ndefu uigawe mafungu matatu. La kwanza: bila hiki ile sentensi haitimii. La pili: ni kizuri lakini kinaweza kusubiri mwezi. La tatu: kinanipendeza mimi, mteja hajawahi kukiuliza. Jenga la kwanza tu. Nakuambia fungu la tatu ndilo litakalokuuma kuliacha, maana humo ndimo nembo inayozunguka na salamu za kumkaribisha mteja kwa jina lake zinapoishi.

WIKI MBILI ZINAVYOKWENDA

Siku ya 1 hadi ya 3: kauntabuku na maswali, kama nilivyosema.

Siku ya 4: andika sentensi na ugawe mafungu. Chora kwa kalamu kile ambacho mteja atakiona kwenye simu. Ukichora zaidi ya kurasa mbili, rudi kwenye mafungu.

Siku ya 5 hadi ya 9: tengeneza kwa vitu vilivyopo. Fomu ya Google ni bure, jedwali la Google ni bure, WhatsApp Business ni bure na ina majibu ya haraka na lebo za kupanga wateja. Mimi nilianza na jedwali lenye safu tano: namba ya oda, jina, simu, mahali mzigo unapokwenda, na hali ya mzigo. Hali zilikuwa tatu tu: umelipiwa, umefungwa, umetoka. Juu yake nikaweka ukurasa mmoja ambao mteja anaingiza namba ya oda anaona hali. Ule ukurasa nilijifunza kuutengeneza kwa video za YouTube usiku duka likifungwa. Sijasoma kompyuta darasani, nimeishia kidato cha nne kama wengi wenu.

Siku ya 10: wape wateja kumi. Chagua wanaokusema ukikosea, usichukue shangazi zako wanaosifia kila kitu. Mweleze kila mmoja kwa sauti au meseji fupi. Akikuuliza maswali matatu kabla hajaelewa, ukurasa wako ndio haueleweki, mteja hana tatizo.

Siku ya 11 hadi ya 14: angalia wanafanya nini, na andika. Kabla hujaanza kuangalia, weka kipimo. Changu kilikuwa hiki: kama 6 kati ya 10 hawatanipigia kuuliza mzigo, naendelea. Wakiwa chini ya hapo, nabadilisha. Kipimo kiandike mapema, maana ukisubiri matokeo utajipendelea.

WATEJA WATAKUSHANGAZA, NA HILO NDILO UNALOLITAFUTA

Kwangu yalitokea mambo mawili. La kwanza, wateja wa vijijini hawakufungua linki. Wengine wana kiswaswadu, wengine simu janja wanayo ila bando hakuna. Walichotaka ni meseji ya kawaida: "Mzigo namba 31 umetoka saa 4." Nikaanza kuwatumia meseji kwa mkono kutoka kwenye lile jedwali.

La pili sikuwahi kuliwaza. Wateja walianza kuionyesha ile meseji kwenye ofisi ya basi ili wapewe mzigo wao. Majina yanafanana, watu wawili wanaitwa jina moja na mabegi yanafanana, basi mteja anamwonyesha konda meseji yenye namba na mambo yanaisha. Mimi nilitengeneza kitu cha kujibu swali, wao wakakigeuza hati ya kuchukulia mzigo. Nikaanza kuandika namba kubwa juu ya kifurushi kwa maka peni, na kwenye meseji nikaongeza jina la basi na namba ya risiti ya mzigo.

Mnaona? Hiyo namba ya risiti haikuwepo kwenye fungu la kwanza, la pili wala la tatu. Hata ningekaa mwaka mzima napanga isingekuja kichwani, kwa sababu ilizaliwa stendi, mimi nikiwa dukani. Na zile simu za "mzigo wangu upo wapi" zimepungua mpaka nashika kazi nyingine mchana.

KIDOGO, LAKINI KIZIMA

Hapa nisieleweke vibaya. Kuna watu wakisikia "anza kidogo" wanatoa kitu kibovu. Kidogo na kibovu ni vitu viwili. Mama anayeanza na karai moja la chipsi hauzi pizza, hauzi juisi, ila chipsi zake zimeiva na mafuta ni safi. Ndugu zetu wa Ludewa walioko ziwani watakuambia, mtumbwi mdogo usiovuja unavusha watu, meli isiyo na ubao mmoja wa chini inabaki nchi kavu.

Vitu vitatu havikatwi hata kwenye mfumo wa wiki mbili.

Hela. Mteja alipe kwa njia anayoiamini, lipa namba yenye jina la biashara yako, na aone uthibitisho. Usijaribu kujenga malipo yako mwenyewe mwanzoni.

Ahadi. Kama umeandika "umetoka", uwe umetoka kweli. Mfumo ukidanganya mara moja, mteja anarudi kupiga simu na safari hii anapiga kwa hasira.

Taarifa za watu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Jina, simu na mahali pa kupokelea mzigo vinatosha. Namba ya NIDA ya nini kwa sweta? Tarehe ya kuzaliwa ya nini? Na lile jedwali usilifungulie kila mtu mwenye linki, hakikisha mteja anaona oda yake tu. Fuatilia kwenye Tume mambo ya usajili kabla hujaanza kukusanya majina ya watu. Hapa napo udogo unakulinda: taarifa ambayo hukuichukua haiwezi kuvuja.

MNAYONIPINGA NAYO

"Wateja wataniona sipo siriasi." Wateja wa biashara zetu wanapima usiriasi kwa mzigo kufika. Jumia ilikuwa na programu nzuri na jina kubwa Afrika, na Novemba 2019 iliacha kuuza bidhaa hapa Tanzania. Sisemi programu ndiyo iliyowatoa. Nasema programu nzuri peke yake haimbakizi mtu sokoni.

"Sijui kutengeneza programu." Mwanzoni si lazima ujue, kazi ya nyuma ya pazia unaweza kuifanya kwa mkono. Mwaka 1999 kule Marekani Nick Swinmurn alitaka kujua kama watu watanunua viatu mtandaoni. Hakununua stoo ya viatu. Alikwenda kwenye maduka ya viatu, akapiga picha, akaziweka mtandaoni. Mtu akiagiza, yeye anarudi dukani kununua kile kiatu na kumtumia. Ndiyo ikaja kuwa Zappos, na mwaka 2009 Amazon wakainunua. Sasa niambieni, huyo ana tofauti gani na winga wa Kariakoo? Mawinga wetu wanafanya hivyo kila siku na wanaona ni ujanja wa mtaani tu. Jamani, hilo ni jaribio la biashara kamili, kinachopungua ni kauntabuku ya kuandika nani aliuliza nini.

"Wataniibia wazo." Wazo la kuuza kwa simu lilishaibwa zamani na kila mtu. Kitu kisichoibika ni kujua kwamba wateja wako wa Lupembe wanataka meseji na wa Njombe mjini wanataka linki. Hicho unakipata kwa kuanza.

"Nikiweka Play Store nitaonekana na dunia nzima." Google wanatoza dola 25 mara moja kufungua akaunti ya mtengenezaji, Apple dola 99 kila mwaka. Hiyo bado ndogo. Gharama kubwa ni kumwomba mteja atumie bando lake kupakua programu ambayo ataifungua mara mbili kwa mwaka akitaka sweta. WhatsApp yupo humo tayari. Mfuate alipo. Siku wateja wenyewe wakianza kukuuliza "huna programu?", utakuwa na sababu, na utajua cha kumwambia fundi.

"Fundi hataki kazi ndogo." Mwambie hivi: naanza na kazi hii moja, nakulipa ikimalizika ndani ya wiki mbili, ikifanya kazi tunaongeza ya pili. Fundi mzuri atafurahi, maana naye amechoka na wateja wanaoongeza vitu kila siku na malipo hawamalizi. Anayekataa kabisa asiyeweza kukuonyesha chochote kabla ya miezi sita, msalimie na uondoke.

Na kuhusu hela, toza mapema. M-Pesa kuweka pesa ilikuwa bure, ila kutuma kulilipiwa tangu mwanzo. Kama unachotengeneza utawauzia wafanyabiashara wenzako, waombe hata buku mbili kwa mwezi. Sifa za bure kila mtu anatoa. Mtu akitoa buku mbili mwezi wa kwanza na mwezi wa pili akarudi kutoa tena, hapo una kitu.

Mtaji wetu huku ni mdogo na unazunguka. Milioni 2 iliyolala miezi minane kwenye programu ambayo haijaguswa na mteja ni mzigo ambao haukununuliwa, na mara nyingi ni ada ya mtoto au hela ya kikoba cha mwenzako. Wiki mbili na kauntabuku ya elfu chache, hata jibu likiwa "hapana", bado unalala na mtaji wako.

Sasa kazi ni kwako. Anza kauntabuku kesho asubuhi. Siku ya nne rudi hapa uandike kwenye komenti ile sentensi yako moja: "Mteja wangu fulani ataweza kufanya hiki bila hiki." Nitazipitia zote, na wenzako watakusaidia kukata kilichozidi. Usiandike jina la programu, usiandike rangi, nembo hatutaki kuiona. Sentensi tu.